Spika Tupu

Waliostaafu, tunaambiwa, huamka jua likishapanda. Radi aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kila siku iendayo kwa Mungu, akachemsha chai, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jikoni na kuunyoosha kama daktari alivyomwelekeza, kisha akashika gitaa kabla hajaongea na mtu. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Ilikuwa imepita miaka mitano tangu aache ziara na kulala kwenye viti vya basi, na katika miaka hiyo kazi zilimwongezeka mpaka mkewe akamwandikia ratiba na kuibandika kwenye mlango wa friji.

Jumatatu na Jumatano alifundisha gitaa pale pale sebuleni. Wanafunzi wake walikuwa wa kila namna, hata daktari wa meno mmoja wa miaka hamsini aliyenunua gitaa la fahari na mpaka leo hajui kukaza nyuzi zake zikalingana. Jumanne alirekodi vipande vya gitaa vya matangazo: sabuni, rangi za nyumba, dawa ya mbu. Alhamisi alikwenda hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, kuwafundisha watu waliopooza mkono kubonyeza uzi mmoja, kisha miwili. Ijumaa alitengeneza amplifaya zilizokufa. Na katika nafasi zilizobaki alitunga. Nyimbo nane zilikuwa zimekamilika kwenye daftari kubwa, na wa tisa, ule alioupenda kuliko zote, ulihusu mkono unaojifunza upya kushika kijiko.

Sasa mtu kama huyu ukimkuta barabarani utamwuliza nini? Wote waliuliza swali moja: "Mzee, siku hizi upo upo tu?" Walimwuliza kwa upendo, na wengine walimshika bega kabisa. Alikuwa akiwajibu kwamba yupo yupo tu, kwa sababu ukianza kumwelezea mtu ratiba ya friji atadhani unajitetea.

Sebule hiyo hiyo ndiyo ilikuwa karakana ya mkewe, fundi cherehani wa sare za shule. Walikuwa na makubaliano yao. Radi akitaka kurekodi, hutundika kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, na cherehani hunyamaza. Mkewe akiwa na sare za kukabidhi, kitambaa huondolewa, na hapo hata angekuja nani, muziki unasubiri. Waliishi hivyo bila ugomvi, isipokuwa mkewe alikuwa akilalamika kwamba kitambaa kinatundikwa zaidi ya kinavyoondolewa.

Mambo yake ya barua, simu na mikataba yaliendeshwa na binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi kwenye kampuni ya bima na kuishi mitaa miwili kutoka kwao. Baba yake alimwita Meneja. Ilianza kama utani, lakini binti alilichukua jina hilo kwa uzito, akanunua faili.

Mratibu wa vipindi kutoka kituo cha televisheni alikuja siku ya Jumatano, katikati ya somo la daktari wa meno. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukaribishwa na kusema kituo kinaandaa kipindi cha magwiji wa muziki, na kwamba katika roki hawezi kukosa Radi. Hayo aliyasema kwa binti, aliyekuwa amepita hapo akitoka kazini. Kila alichotaka kujua kuhusu Radi alimwuliza binti, Radi akiwa amekaa mbele yake na gitaa pajani. Mzee anaweza kusimama dakika tano? Mzee anatumia dawa gani? Mzee anakumbuka maneno ya nyimbo zake? Na kila alipolazimika kumgeukia mwenyewe, alipaza sauti na kutamka silabi moja moja, kama anayeongea na mtoto wa chekechea.

Ni kweli sikio la kushoto la Radi lilikuwa limekufa. Miaka arobaini ya kusimama upande wa kulia wa matoazi si mchezo. La kulia lilikuwa zima, na alimsikia yule bwana vizuri kabisa.

"Nitakuja," alisema. "Wimbo wa zamani nitapiga, mmoja mnaoutaka. Na mmoja mpya nitapiga. Mpya ndio unaonileta."

"Tutaliangalia hilo, mzee wangu," mratibu akasema.

Mimi nawajua watu wa tutaliangalia hilo. Wameshaliangalia, wakalitupa, na wanasubiri wewe uchoke kuuliza.

Karatasi ilisainiwa nje, kwenye kibaraza, na aliyesaini ni binti. Mratibu alimweleza waziwazi kwamba sauti yote itatoka kwenye rekodi ya zamani, ile ya miaka thelathini na minane iliyopita, na mzee atachezesha vidole tu. Akamwambia ni kawaida, kila mtu anafanya, na ni kwa heshima ya mzee mwenyewe. Binti angeweza kukataa. Lakini mwaka uliotangulia, kwenye ufunguzi wa ukumbi fulani, vidole vya baba yake viliwahi kujikunja katikati ya wimbo vikagoma kufunguka. Mtu akamrekodi kwa simu. Kipande kile kikazunguka, watu wakaweka vichekesho juu yake, na asubuhi moja mfanyakazi mwenzake pale mapokezi akamletea akione, akicheka mpaka machozi, bila kujua anamwonyesha mtu baba yake. Binti alicheka pia. Aibu ya kicheko kile hakuwahi kumwambia mtu. Basi akasaini, akaingia ndani, na baba yake alipomwuliza kama wamekubali wimbo mpya, akasema wamekubali.

Kosa lilikuwa hilo. Huyu binti alikulia nyuma ya majukwaa, alilala kwenye masanduku ya gitaa akiwa mchanga, na bado alidhani mpiga gitaa anaweza kusimama kwenye jukwaa asijue kama anasikika.

*

Walifika studio Jumamosi saa nne asubuhi, wote watatu, Radi akiwa amevaa koti la bluu ambalo mkewe alilipiga pasi mara mbili. Mlinzi hakuliona jina lake kwenye orodha. Alipiga simu, akasubiri, akapiga tena, mwisho akampa kadi ya kuning'iniza shingoni iliyoandikwa MGENI 14. Picha kubwa ya Radi akiwa kijana ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta nyuma ya mlinzi huyo huyo, pamoja na za magwiji wengine.

Wakakalishwa kwenye korido kwa saa mbili na nusu. Kisha msichana wa vipodozi akamwita, akafungua kopo la rangi nyeusi na kuanza kumpaka nywele. Alisema ameagizwa afanane na picha. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, alimwuliza kwa upole kama anajua mvi zile zimetoka wapi.

"Nusu nimezitia mimi, mwanangu," alisema. "Usinifutie kazi yangu."

Msichana alicheka, hata Radi alicheka, lakini nywele zilipakwa. Zikapakwa na nyusi. Alipojitazama kwenye kioo aliomba maji ya kunywa.

Jukwaani alimkuta fundi mitambo, mtu mzima mwenye kipara na adabu. Radi akamwomba awashe amplifaya ili apime mlio, kwa sababu katika kazi yao kila mtu hupima chombo chake mwenyewe, hata angekuwa amepimiwa na malaika. Fundi alitazama chini. Alisema imeshapimwa. Radi akasema haina neno, ataipima tena, ni dakika moja. Fundi akasema muda umebana. Walijibizana hivyo mara tatu, wote wawili kwa heshima, mpaka mratibu alipotokea na kuwaambia waongozaji wa kamera wachukue picha za majaribio. Radi akaambiwa achezeshe mikono polepole, ageuke kushoto, ageuke kulia, atabasamu. Alifanya. Alidhani wanapima taa.

Halafu watazamaji wakaingizwa, watu kama mia moja hivi waliofundishwa wapige makofi lini, na kipindi kikaanza.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Mtu mwenye sikio moja hawezi kuyaamini masikio yake jukwaani. Sauti humjia kutoka kila upande ikiwa imechanganyika. Radi alikuwa na njia yake. Husimama karibu na spika na kuigusa kwa kisigino cha kulia. Kila uzi anaoupiga humrudia mguuni, mzito au mwembamba, na hapo ndipo hujua kama yumo au hayumo. Amefanya hivyo miaka ishirini, na viatu vyake vyote vimelika upande mmoja.

Wimbo ukaanza. Ukumbi ulijaa gitaa, ngoma, na sauti ya kuimba, na Radi akapiga pamoja nao, mdomo kwenye maikrofoni. Akarudisha kisigino kwenye spika. Hakuna kitu. Akapiga kwa nguvu zaidi. Mguu ulikuwa kimya. Akadhani amegusa vibaya, akaisukuma kidogo kwa kisigino, na ile spika, ambayo kwa haki inabebwa na wanaume wawili, ikateleza nyuma kama boksi la viatu. Ndani hamkuwa na kitu. Ilikuwa ganda tu, limepakwa rangi na kuwekewa kitambaa mbele.

Radi akaondoa mikono kwenye gitaa.

Wimbo ukaendelea. Gitaa lilipigwa vizuri sana, na mtu akaimba kwa nguvu za miaka thelathini na mmoja, na mwenye vidole na koo hilo alikuwa amesimama katikati ya taa, mikono imening'inia, rangi nyeusi ikimtiririka kwenye paji la uso kwa joto. Watazamaji walitazamana. Mratibu, kutoka pembeni, alimfanyia ishara kwa vidole: chezesha, chezesha. Kulikuwa na dakika mbili na nusu zimebaki. Hakuna aliyeuzima ule muziki. Watu wazima, wenye mishahara na watoto wao nyumbani, walimwacha mzee wa watu asimame pale dakika mbili na nusu akisikiliza anavyopigwa. Na wimbo ulipokwisha, yule wa kuongoza makofi akainua mkono, na makofi yakapigwa.

"Mzee wetu amechoka kidogo," mratibu aliwatangazia. "Umri, jamani. Tumwombee."

Radi akamfuata mpaka pembeni na kumwuliza wimbo mpya anaupiga saa ngapi.

"Mzee, tuelewane," mratibu alisema, safari hii bila kupaza sauti. "Huo mpya nani anaujua? Watu wanamtaka Radi wanayemfahamu."

Fundi mitambo alikuwa akikunja nyaya karibu yao. Aliendelea kukunja.

*

Kwenye chumba cha vipodozi mkewe alimfuta rangi kwa kitambaa cha maji, na rangi ilikataa kutoka. Binti alisimama karibu na mlango, faili lake kifuani.

"Ulijua," Radi alisema. Hakuwa ameuliza.

Binti alisema alijua. Alieleza yote, harakaharaka, kuhusu ufunguzi wa ukumbi, kipande cha simu, mapokezi, kicheko. Alisema hakutaka waone vidole vikigoma tena. Alisema aliogopa.

"Uliniogopea mimi, au ulijionea aibu wewe?"

Binti alilishusha faili kutoka kifuani. "Vyote viwili, baba."

"Vidole vikigoma, ni vyangu," Radi alisema. "Navifungua, naendelea. Leo umenifanya nisimame pale kama sanamu wakati kijana mmoja ananiimbia. Unajua nilichokuwa nataka? Wimbo mmoja. Dakika nne. Hata nikiharibu, niharibu mwenyewe."

Mkewe alikunja koti la bluu, akaliweka kwenye mkoba, akasema twendeni nyumbani kuna sare za watu.

Wiki nzima baba na binti hawakuongea. Binti alipita kila jioni kama kawaida, akakaa, na Radi alipitisha maneno yake kwa mama. Mwambie bintiyo mlango haukufungwa vizuri. Mwambie bintiyo chai ipo. Mama alichoka siku ya tatu, akamwambia yeye ni fundi cherehani, si mwendesha simu, na wakitaka kutumiana salamu wakanunue stempu. Kazi ziliendelea. Jumanne alirekodi tangazo la rangi. Alhamisi alikwenda hospitali akiwa na nyusi nyeusi bado, na mgonjwa mmoja, aliyekuwa askari wa barabarani kabla ya mkono wake kupooza, alibonyeza nyuzi tatu kwa mara ya kwanza. Radi alifurahi kiasi kwamba alirudi nyumbani na kumsimulia mkewe mara mbili. Kisha akatundika kitambaa chekundu, akaupiga ule wimbo wa tisa, peke yake, kwenye chumba kisicho na mtu.

Alitaka wausikie watu. Hilo tu. Hakuwa akitafuta kukumbukwa. Wanaokumbukwa hawana haja ya kuamka alfajiri.

*

Kipindi kilirushwa Jumapili saa kumi alasiri. Radi hakutaka kukiangalia, lakini majirani walikuja wenyewe, kama watu kumi na wawili, akiwemo mwenye duka na daktari wa meno, na huwezi kumfukuza mtu aliyekuja na kiti chake. Walikaa katikati ya marobota ya vitambaa vya sare. Binti alikuja wa mwisho, akasimama karibu na cherehani.

Radi alitegemea aone mzee aliyeganda na mikono imening'inia. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alichokiona ni kibaya zaidi. Walikuwa wamechukua picha za majaribio, zile za achezeshe polepole na ageuke kushoto, wakazikata na kuziunganisha na wimbo. Pale kwenye kioo cha televisheni alikuwa akipiga, anatabasamu, nywele nyeusi tii. Chini ya picha palikuwa na maandishi: GWIJI RADI, MOJA KWA MOJA KUTOKA STUDIO.

Majirani walipiga makofi ya kweli, ya moyoni. Mwenye duka alisimama na kumshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajui mzee wa umri ule anayeweza kupiga vile. Daktari wa meno alisema sasa anaelewa kwa nini yeye hajui. Radi aliwatazama mmoja mmoja. Angesema nini? Amwaibishe binti yake mbele ya mtaa mzima? Akameza mate, akasema asanteni.

Hapo simu ya binti ikaita. Alitazama jina la mpigaji, akamtazama baba yake. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti kubwa na kuiweka simu mezani, katikati ya watu.

"Hongera, Meneja!" Ilikuwa sauti ya mratibu, imejaa furaha. "Simu hazikatiki hapa. Mwambie mzee aondoe wasiwasi, hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba hakupiga yeye. Sasa sikiliza. Wakubwa wanataka vipindi sita. Safari hii hata kuja si lazima, msimsumbue. Picha tunazo, sauti tunayo. Wewe njoo tu usaini."

Mwenye duka aliuachia mkono wa Radi taratibu.

"Sisaini," binti alisema. Sauti yake ilisikika mpaka kibarazani. "Ile ya kwanza nilisaini kwa kumdanganya baba yangu. Nilimtia aibu kuliko wote waliomcheka. Hii sisaini."

"Dada, usiwe hivyo. Hiyo ni heshima kwa mzee. Mzee mwenyewe hajui hata—"

"Wimbo mpya mliuweka wapi?" Radi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hallo?" mratibu akasema. "Samahani, nani mwenzangu?"

Watu wote waliokuwa mle ndani walisikia. Kituo kilichokuwa na sauti ya Radi ndani ya makabati yake, kilichoipiga alasiri ile ile na kutaka kuipiga mara sita zaidi, kilimsikia Radi akiongea na hakikumjua.

"Mwenyewe," Radi alisema.

Mratibu akaanza kucheka, akaanza kuomba radhi, akasema mtandao ni mbaya. Radi hakumngoja. Alivuta gitaa kutoka nyuma ya marobota, akaichomeka amplifaya yake ndogo ya kufundishia, akaanza wimbo wa tisa. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo na kwenye noti za juu haikufika, akaziimba chini. Majirani waliogeuka kutazama kioo waligeuka tena kumtazama yeye. Simu ilikatika wakati fulani na hakuna aliyejali.

Kwenye ubeti wa pili vidole vilijikunja.

Gitaa likanyamaza. Binti aliziba mdomo kwa mkono, akautoa. Hakuna aliyeinua simu kumrekodi. Radi aliushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, akafungua kidole kimoja, kisha cha pili, kwa utaratibu ule ule anaowafundisha wagonjwa wa Alhamisi, na ilichukua muda, na wote walikaa wakingoja. Alipomaliza alimtazama binti yake, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Nilifika wapi?" alimwuliza.

Binti akamtajia mstari, na baba akaendelea kuanzia hapo.